Kurejesha bekapu ya PostgreSQL 17 kwenye seva ya toleo la 15

Ukikutana na ujumbe huu unaporejesha bekapu ya PostgreSQL (programu ya hifadhidata), usikimbilie kulilaumu faili:

pg_restore: error: unsupported version (1.16) in file header

Faili ni zima. Anayegoma ni pg_restore (programu ya kurejesha bekapu) wa zamani, aliyepewa faili lenye muundo asioujua. Hiyo 1.16 si toleo la seva bali ni toleo la muundo wa faili: PostgreSQL 17 huandika 1.16, toleo la 16 huandika 1.15, na matoleo ya 12 hadi 15 huandika 1.14. Mwenzangu mmoja alikuwa ameshaambiwa kwamba bekapu yake imeharibika, na alibakiza kidogo aifute. Tuliirejesha yote kwa njia ninayoieleza hapa chini.

Kama unatoka toleo la zamani kwenda jipya, huna haja ya kusoma zaidi. Chukua bekapu kwa pg_dump (programu ya kuchukua bekapu) ya toleo jipya ukiielekeza kwenye seva ya zamani, kisha rejesha. pg_dump ya 17 inaelewana na seva kuanzia 9.2. Na kama ulichonacho si bekapu bali folda ya data iliyonakiliwa kutoka kwenye diski, pg_restore haihusiki kabisa. Soma faili la PG_VERSION lililo ndani ya folda hiyo, washa toleo lile lile (hata kwenye kontena), ndipo uchukue bekapu ya kweli.

Hatua ya 1: Pata vifaa vya toleo jipya

Sakinisha postgresql-client-17 kwenye mashine yoyote inayoifikia seva. Seva yenyewe usiiguse. Kwenye Debian na Ubuntu vifaa vinakaa /usr/lib/postgresql/17/bin, nami huandika njia nzima kila mara ili nisibahatishe ni pg_restore ipi inayoitika. Kwa sababu hiyo hiyo kazi hii siifanyi kwa pgAdmin (programu ya madirisha na vitufe): unabonyeza kitufe bila kuona ni programu gani imeitwa huko nyuma.

Hatua ya 2: Tengeneza hifadhidata tupu kwa mkono

createdb -T template0 -E UTF8 mauzo

Usitumie -C ya pg_restore, inayotengeneza hifadhidata kwa niaba yako. Amri ya CREATE DATABASE iliyomo kwenye bekapu hubeba mipangilio ya lugha ya seva ya awali, na seva ya zamani inaweza isiitambue. Watumiaji na ruhusa zao watengeneze mwenyewe. Ukichukua orodha yao kwa pg_dumpall (pg_dump ya seva nzima) ya 17, mistari ya GRANT huja na WITH INHERIT, maneno ambayo toleo la 15 haliyajui.

Hatua ya 3: Pitisha muundo kwanza, peke yake

Hapa ndipo saa za watu huishia. Wengi humwaga bekapu nzima kwa mkupuo, wanasubiri data iingie, halafu wanagundua kwamba majedwali kadhaa hayakuumbwa. Gawa kazi:

/usr/lib/postgresql/17/bin/pg_restore -O -x --section=pre-data -f muundo.sql mauzo.dump

Hizo -O na -x huacha nje wamiliki na ruhusa. Sasa una faili dogo la SQL lisilo na data, unaloweza kulifungua na kulisoma. Karibu na mwanzo utaona:

SET transaction_timeout = 0;

Mpangilio huo ulizaliwa na toleo la 17, kwa hiyo seva ya 15 itaukataa. Ufute. Ukiirejesha bekapu moja kwa moja bila kupitia faili, pg_restore hulalamika, huruka mstari na kuendelea. Lakini ukiweka --single-transaction au --exit-on-error, kila kitu kinasimama hapo hapo, na utadhani tatizo ni kubwa kuliko lilivyo. Dawa inayosambazwa ni kugeuza bekapu nzima kuwa SQL na kuipitisha kwenye sed (programu ya kubadilisha maandishi). Mimi siipendi: sed haijui mpaka kati ya amri na data, na maneno unayoyafuta yanaweza kuwa ndani ya maelezo aliyoandika mteja wako.

Vilevile, tangu matoleo madogo ya Agosti 2025 (17.6 na wenzake), faili la SQL hufunguliwa kwa \restrict na kufungwa kwa \unrestrict. psql (programu ya kuendesha amri za SQL) ya zamani itasema haijui amri hiyo. Usiifute, tumia psql iliyo kwenye folda ile ile ya 17:

/usr/lib/postgresql/17/bin/psql -v ON_ERROR_STOP=1 -1 -d mauzo -f muundo.sql

Kwa -1, kosa lolote linarudisha hifadhidata kuwa tupu. Rekebisha, endesha tena, mpaka ipite. Utakayokutana nayo ni viendelezi ambavyo havijasakinishwa kwenye seva ya zamani (PostGIS hasa), na view zinazotumia JSON_TABLE ya 17 au any_value ya 16. Hizo ziandike upya. Uzuri wake zinapiga kelele.

Zisizopiga kelele ni fanksheni. Bekapu huweka check_function_bodies = false (yaani, usikague yaliyo ndani ya fanksheni), kwa hiyo fanksheni ya PL/pgSQL yenye MERGE ... RETURNING, ambayo ni ya 17, itaingia kimya kimya na kulipuka siku itakapoitwa. Kuwasha ukaguzi huo ndani ya muundo.sql hakusaidii, maana fanksheni huumbwa kabla ya majedwali zinayoyategemea. Subiri muundo upite, kisha ndani ya psql ziumbe upya zote:

SELECT pg_get_functiondef(p.oid)
FROM pg_proc p JOIN pg_language l ON l.oid = p.prolang
WHERE l.lanname IN ('sql', 'plpgsql')
AND p.prokind IN ('f', 'p')
AND p.pronamespace = 'public'::regnamespace \gexec

Kama una skima nyingine, badilisha jina na urudie. Kwa PL/pgSQL ukaguzi huu ni wa sarufi tu: any_value iliyojificha ndani ya fanksheni itapita. Hiyo itafute kwa grep kwenye muundo.sql.

Hatua ya 4: Data, kisha faharasa

/usr/lib/postgresql/17/bin/pg_restore -O -x -j 4 --section=data -d mauzo mauzo.dump
/usr/lib/postgresql/17/bin/pg_restore -O -x -j 4 --section=post-data -d mauzo mauzo.dump

Lalamiko la transaction_timeout lipuuze, jingine lolote lisome. Hii -j na ugawaji wote huu vinawezekana kwa sababu bekapu ilichukuliwa kwa -Fc (au -Fd) ya pg_dump, si kama maandishi ya SQL. Mtu akiniletea .sql tupu ya hifadhidata kubwa, kwanza namuuliza kama seva ya awali bado ipo ili tuchukue nyingine.

Hatua ya 5: Takwimu

vacuumdb --analyze-in-stages -d mauzo

Bekapu ya 17 haibebi takwimu za mpangaji wa hoja (sehemu ya seva inayochagua njia ya kutekeleza kila hoja). Ukiruka hatua hii, hoja zitakuwa nzito na watu watasema ni kwa sababu ya toleo la zamani. Kisha linganisha idadi ya safu mlalo (rekodi) za majedwali makubwa na zile za seva ya awali.

Ile muundo.sql uliyoihariri itunze kando ya bekapu. Ukilazimika kurudia na bekapu mpya, toa muundo wake, endesha diff kati ya mafaili hayo mawili, na utaona mara moja nini kimeongezeka.