Namna ya Kuandaa Marekebisho ya Kiufundi katika Sheria za Serikali za Mitaa na Mipaka

Marekebisho ya kiufundi husahihisha sheria bila kumhamisha mtu, kumpunguzia haki wala kumwongezea mzigo. Cheo kilichokwisha kufutwa bado kinatajwa, namba ya kifungu inaelekeza pasipo kitu, jina la kata limekosewa kwenye jedwali lililoambatishwa mwishoni mwa sheria: hayo ni ya kiufundi. Kusogeza mpaka mita kumi ili kiwanda kiangukie upande wenye tozo nafuu si ya kiufundi, hata muswada ukiyaita hivyo.

Basi kazi ya kwanza ni kuchuja. Kwa kila badiliko lililopendekezwa, jiulize: sheria ikianza kutumika, je, kuna mkazi atakayepiga kura, kulipa kodi ya jengo au kuomba kibali cha ujenzi kwingine kuliko jana yake? Kama yupo hata mmoja, litoe badiliko hilo. Lipeleke kwenye utaratibu wa kubadili mipaka, wenye kutoa taarifa na kuwasikiliza wananchi. Ukilificha humu, walioguswa watakuwa na hoja nzito ya kwenda mahakamani, na watakuwa na haki.

Nakala ya kufanyia kazi

Tumia sheria kuu ikiwa na marekebisho yote hadi leo, si kitabu cha miaka kumi iliyopita. Kosa linalojirudia sana ni kuagiza maneno yafutwe kumbe yalikwisha kufutwa na sheria nyingine. Angalia pia miswada mingine iliyo mbele ya chombo hichohicho cha kutunga sheria. Miwili ikigusa kifungu kimoja, utakaopita wa pili unaweza kurudisha maneno ambayo wa kwanza uliyaondoa.

Kubadili neno moja sheria nzima

Kishawishi ni kuandika: "Sheria inarekebishwa kwa kufuta neno 'Baraza' popote lilipo na badala yake kuweka neno 'Halmashauri'." Kwa Kiswahili sentensi hiyo ni hatari. "Baraza lililoketi lilipitisha bajeti yake" itageuka kuwa "Halmashauri lililoketi lilipitisha bajeti yake", maana viambishi havikuguswa. Wingi "mabaraza" utabaki palepale, na baraza la usuluhishi, ambalo ni kitu kingine kabisa, litageuzwa halmashauri. Orodhesha kila mahali neno lilipo, kifungu kwa kifungu, kisha andika upya sentensi zinazohitaji upatanisho. Unapotafuta kwa kompyuta, weka sharti la neno zima. Ukitafuta "kata" bila sharti hilo utaletewa "mkataba" na "kataza" mpaka uchoke.

Ukiongeza kifungu kati ya cha 14 na cha 15, kiite 14A. Usipange namba upya. Kanuni, sheria ndogo, mikataba na hukumu zimeshataja namba za zamani, na hakuna atakayezipitia zote kuzirekebisha.

Jedwali la mipaka

Hapa ndipo muda wako mwingi uende. Soma maelezo ya mpaka ukiwa na kalamu, ukichora kila mguu, yaani kila kipande kilichonyooka cha mpaka: pa kuanzia, beringi (uelekeo kwa digrii), umbali, hadi urudi ulipoanzia. Kisha kokotoa. Jumla ya mwendo wa kaskazini iwe sawa na ya kusini, na ya mashariki iwe sawa na ya magharibi, isipokuwa tofauti ndogo inayoruhusiwa katika upimaji.

Tuseme kaskazini umepata mita 1,840.20, kusini mita 1,790.20, na mashariki na magharibi zimelingana. Pengo ni mita 50 kamili, na limelala kaskazini–kusini. Kama kosa ni la umbali mmoja tu, liko kwenye mguu unaokwenda uelekeo huohuo. Tafuta tarakimu ya makumi: 3 iliyosomwa 8, au kinyume chake. Pengo likigawanyika kwa 9, kama mita 27, shuku tarakimu zilizopishana, mfano 436 iliyoandikwa 463. Hata ukipata jibu, usisahihishe kwa kukisia. Fungua ramani ya upimaji ya awali na daftari la mpima, na uambatishe ushahidi huo kwenye jalada.

Koodineti zina mitego yake. Sekunde moja ya latitudo ni karibu mita 31, upana unaoweza kumeza kiwanja kizima cha mjini. Ukiandika kwa digrii za desimali, tarakimu tatu baada ya nukta hukupa ukadiriaji wa mita 111 hivi. Tano hukufikisha kwenye mita moja. Taja pia mfumo wa rejea, yaani msingi ambao koodineti zimepimwa kutoka kwake. Nukta iliyopimwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa Afrika Mashariki, ikisomwa kana kwamba ni WGS 84, mfumo wa GPS, itahama karibu mita 300 bila mtu kugusa bikoni, yaani alama ya mpaka iliyosimikwa ardhini.

Kwa mto, sema kama mpaka ni katikati ya maji au ukingo upi, na kama unaufuata mto ukihama au unabaki ulipokuwa tarehe fulani. Kwa barabara, sema katikati au ukingo wa hifadhi yake. Barabara ikipanuliwa, katikati huweza kuhama. Kisha andika kipi kitashinda maelezo na ramani vikipingana. Sheria isiposema, kila upande utashika kinachoufaa.

Ukimaliza, fungua jedwali la kila jirani. Mstari mmoja huwa umeandikwa mara mbili; ukisahihisha upande mmoja tu, umezalisha pengo lisilo na mwenyewe au eneo lenye wenyewe wawili.

Masharti ya mpito

Kurejesha mstari palipopimwa mwanzo kunaweza kugusa watu, na hapo badiliko linarudi kwenye utaratibu wa kubadili mipaka uliotajwa mwanzoni, likiwa na masharti ya kuwavusha wakazi kutoka hali ya zamani kwenda mpya. Mpaka kati ya North Carolina na South Carolina, Marekani, ulipopimwa upya, nyumba 19 zilijikuta katika jimbo jingine kuanzia Januari 1, 2017, na ilibidi sheria ishughulikie mambo kama shule na huduma za wakazi hao. Ule ni mpaka wa majimbo, lakini mzigo ni uleule kwa halmashauri.

Hata kwa badiliko la jina tu, andika kwamba sheria ndogo, leseni, mikataba, madeni, ajira na kesi zinazoendelea vinabaki na nguvu, na kwamba jina la zamani likitajwa katika hati litasomwa kuwa jipya. Kifungu hiki kikikosekana, wakili wa mdaiwa atakuwa wa kwanza kuliona pengo.

Tarehe ya kuanza kutumika iwe mwanzo wa mwaka wa fedha, na iwe mbali na uandikishaji wa wapiga kura. Usiirudishe nyuma.

Nakala ikitoka kwenye Gazeti la Serikali, watu wawili waipitie dhidi ya muswada uliopitishwa: mmoja asome kwa sauti, tarakimu moja moja, mwingine afuatilie kwa kidole.