SOMO: Nyuzi na makufuli, au kwa nini hesabu ya programu yako hutoka pungufu

Swali ni lile lile kila juma: "Nimeweka kufuli, lakini hesabu bado inatoka pungufu." Naandika somo hili ili jibu liwe mahali pamoja. Uzi (thread) ni mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, na programu inaweza kuendesha nyuzi kadhaa kwa pamoja. Kufuli (lock) hushikwa na uzi mmoja tu kwa wakati, wengine husubiri liachiliwe. Mifano ni ya Python, ila kanuni hazibadiliki ukienda Java, Go au C++.

Hatua ya 1. Jiulize kama unahitaji nyuzi. Kazi isiyogawanyika, isiyosubiri mtandao wala diski, uzi mmoja unaitosha.

Hatua ya 2. Orodhesha data inayoguswa na zaidi ya uzi mmoja na ambayo hubadilika. Isiyobadilika iache.

Hatua ya 3. Kila kundi la data lipe kufuli lake. Juu ya kufuli andika linalinda nini. Ukishindwa kuliandika kwa sentensi moja, hujajua bado unachokilinda.

Hatua ya 4. Hapa tulieni. Kufuli halilindi mistari ya msimbo, linalinda data, na linailinda pale tu ambapo kila anayeigusa, awe anasoma au anaandika, analishika kufuli lile lile. Tazama kosa hili (`with kufuli` hulishika kufuli kwa mistari iliyo ndani yake, kisha huliachilia):

```
if salio >= kiasi:
    with kufuli:
        salio -= kiasi
```

Salio ni 100. Uzi A unataka kutoa 80, na uzi B vilevile 80. Zote mbili zinakagua, zote zinaona 100, zote zinapita. A unashika kufuli, unatoa, salio linabaki 20. B ulikuwa ukisubiri. Sasa unashika kufuli na kutoa 80 nyingine. Salio ni -60. Kufuli limefanya kazi yake bila dosari na hesabu imeharibika, kwa sababu kati ya kukagua na kutenda palibaki mwanya. Ingiza `if` ndani ya `with`. Ukaguzi na kitendo kinachoutegemea ni kitu kimoja, havitenganishwi.

Onyo la kwanza: `salio -= kiasi` ni mstari mmoja machoni pako tu. Kwa mashine ni kusoma, kutoa, kuandika, na uzi mwingine unaweza kuingia katikati. Msiniambie Python ina GIL, lile kufuli kuu la ndani yake. GIL huruhusu uzi mmoja tu kutekeleza maagizo ya Python kwa wakati mmoja, lakini zamu inaweza kubadilika katikati ya hatua hizo tatu. Tena tangu toleo 3.13 la mwaka 2024 kuna Python inayoweza kujengwa bila GIL kabisa.

Onyo la pili: "Nimeijaribu mara nyingi haikukosea" si ushahidi. Hitilafu ya aina hii hutegemea nani katangulia, na ukiongeza `print` ili uitafute inaweza kutoweka, kwa kuwa umebadilisha mwendo wa nyuzi. Therac-25, mashine ya kutibu saratani, iliwapa wagonjwa wasiopungua sita mionzi ya kupita kiasi kati ya 1985 na 1987. Hitilafu yake mojawapo ilikuwa hii ya kazi mbili kugombea data, na ilijitokeza pale mwendeshaji aliyezoea mashine aliposahihisha maelekezo kwa kasi. Anayejaribu taratibu asingeiona.

Hatua ya 5. Shika kufuli kwa muda mfupi. Usiite mtandao ukiwa umelishika.

Hatua ya 6. Tumia `with`, ili kufuli liachiliwe hata kosa likitokea ndani.

Hatua ya 7. Ukihitaji makufuli mawili, yashike kwa mpangilio mmoja kila mahali. Tuseme kila akaunti ina kufuli lake. Uzi mmoja ukihamisha pesa kutoka akaunti 5 kwenda 9, na mwingine kutoka 9 kwenda 5, kila mmoja anaweza kushika la kwanza na kusubiri la pili milele. Huo ndio mkwamo. Coffman na wenzake walieleza mwaka 1971 kwamba mkwamo unahitaji masharti manne kwa pamoja: kufuli kuwa la mmoja tu kwa wakati, kushika huku unasubiri jingine, kutonyang'anywa, na kusubiriana kwa mzunguko. Vunja moja tu. Rahisi zaidi ni mzunguko: anza daima na akaunti yenye namba ndogo, pesa ielekee kokote.

Hatua ya 8. Pima kwa zana zinazogundua nyuzi zinazogombea data. Go ina `-race`, C na C++ zina ThreadSanitizer.

MASWALI

Chipukizi: Mkuu nimeweka kufuli bado pungufu. Msaada wa haraka tafadhali.

Jibu: Hatua ya 4. Kisha weka msimbo hapa.

Chipukizi: Ni mrefu. Ndani ya fanksheni nimeandika `kufuli = Lock()` halafu `with kufuli`.

Jibu: Kila uzi ukiiita fanksheni unaunda kufuli jipya, kwa hiyo hakuna anayemzuia mwenzake. Liunde mara moja, nje. Hatua ya 4 inasema "kufuli lile lile".

Fundi J: Haya yote ya nini? Mimi naweka `sleep` ya sekunde moja kati ya nyuzi na mambo yanakwenda.

Jibu: Yanakwenda mpaka siku mashine itakapolemewa. `sleep` haimzuii mtu. Sitalijibu tena hili.

Nasra_K: Kaka, kwenye Java nikiweka `volatile` kwenye kihesabio si inatosha?

Jibu: Haitoshi, dada. `volatile` inahakikisha uzi mwingine unaona thamani mpya, lakini haiunganishi kusoma, kuongeza na kuandika. Kwa kihesabio tumia `AtomicInteger`, ambayo hufanya hatua hizo tatu kama kitu kimoja.

Nasra_K: Asante. Na uzi ukitaka kusubiri mpaka foleni ipate kitu, uendelee kuzunguka huku umeshika kufuli?

Jibu: Swali zuri sana. Ukizunguka umelishika, anayetaka kuweka kitu hawezi kuingia. Tumia `Condition`: `wait` huachilia kufuli, hulala, kisha hulishika tena kabla ya kurudi. Ila ifungie ndani ya `while`, usiweke `if`, maana ukiamka huenda uzi mwingine umeshakichukua kitu hicho, na kwenye Java na C++ uzi unaweza kuamka hata bila kuitwa. Kwenye Python anza na `queue.Queue`, foleni iliyo tayari, imeshayafanya yote haya.

Mpita Njia: Nyongeza ya hatua ya 7: mtu akijihamishia mwenyewe, akaunti zote mbili ni moja. `Lock` ya Python hairuhusu uzi ulioishika kuishika tena, programu inaganda.

Jibu: Kweli kabisa. Kagua hilo kabla ya kushika chochote.

Baraka_dev: Ikishaganda, nitajuaje imegandia wapi?

Mpita Njia: Python ina moduli iitwayo `faulthandler`. Mwanzoni mwa programu ita `dump_traceback_later` na uipe sekunde. Muda ukifika itachapisha kila uzi uko mstari gani. Kwenye Java tumia zana ya `jstack`, nayo huonyesha kila uzi uko wapi. Na nyuzi zipe majina, utazitambua upesi.