Virutubisho Vidogo kwa Miti ya Bonsai: Wakati wa Kuongeza na Wakati wa Kuacha

Mti wa bonsai, yaani mti unaokuzwa chunguni na kudumishwa mdogo kwa kupogoa, ukipata mbolea kamili kwa kipimo, maji yasiyo na chokaa nyingi na udongo wenye uchachu kidogo, kwa kawaida hauhitaji chupa ya ziada ya virutubisho vidogo. Unaohitaji ni ule uliokosa mojawapo ya mambo hayo matatu, na hata huo hautasaidika iwapo mwenye mti hajajua ni lipi lililokosekana. Mwongozo huu unaeleza namna ya kutambua hali ya mti kabla ya kwenda duka la pembejeo, kisha namna ya kuongeza kwa usalama pale inapobidi, kwa kuzingatia maji, udongo na majira ya Mbeya, Iringa, Njombe na maeneo jirani.

Virutubisho vidogo ni chuma, manganisi, zinki, shaba, boroni, molibdenamu, klorini na nikeli. Mmea hauwezi kuishi bila hata kimoja, ila kiasi unachohitaji ni kidogo mno. Katika kilo moja ya majani makavu naitrojeni huweza kufikia gramu 20 hadi 40, ilhali chuma huwa karibu miligramu 100, zinki karibu miligramu 20, na molibdenamu haifiki hata miligramu moja. Magnesiamu na kalsiamu hazimo katika kundi hili, kwa kuwa mti huzihitaji kwa wingi zaidi, ingawa wauzaji wengi huziweka kwenye chupa ileile na kuwachanganya wanunuzi.

Anza kwa kusoma mfuko wa mbolea unayotumia. Katika nyumba nyingi za kwetu mti wa chunguni hulishwa mbolea iliyobaki baada ya kupanda na kukuzia mahindi, yaani DAP, yenye asilimia 18 ya naitrojeni na asilimia 46 ya fosfati, au Urea, ambayo ni naitrojeni asilimia 46 na hakuna kingine. Mahindi hayadhuriki sana na upungufu huo, kwa sababu udongo wa shamba una akiba yake ya chuma, zinki na manganisi. Chungu cha bonsai hakina akiba hiyo, hasa kikiwa kimejazwa yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu, ambayo wengi huyajua kwa kusugulia nyayo na ambayo hupatikana kwa wingi upande wa Rungwe. Mawe hayo ni bora kwa kupitisha maji na hewa, lakini hushika virutubisho kidogo sana, na kila unapomwagilia sehemu ya chakula hutoka na maji kupitia tundu la chini. Mti ulioko kwenye mawe matupu na unaolishwa Urea au DAP peke yake ndio hasa unaostahili kuongezewa virutubisho vidogo.

Mwenye kutumia samadi ya kuku iliyooza vizuri, au mashudu ya alizeti, yuko katika hali tofauti kabisa. Mbolea hizo zimetokana na mimea na chakula cha mifugo, hivyo hubeba karibu virutubisho vyote vidogo kwa viwango vya chini vinavyoachiliwa polepole. Wajapani, ambao wameilea sanaa hii kwa karne nyingi, wametumia kwa muda mrefu mashudu ya mbegu za jamii ya haradali kwa njia hiyohiyo. Mashudu ya alizeti hupatikana kwa urahisi kwa wakamuaji wa mafuta, kuanzia Iringa hadi Mbeya. Yafunge katika vifuko vidogo vya kitambaa na kuviweka juu ya udongo, kwani yakitapakazwa ovyo huvuta inzi na kuota ukungu. Kwa maoni yangu, kijiko cha mashudu kila mwezi wakati wa ukuaji kinashinda chupa nyingi zenye picha nzuri.

Jambo la pili, na ndilo lenye uzito kuliko yote, ni maji na kiwango cha pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka kadiri uchachu unavyozidi. Mara nyingi chuma kimo chunguni lakini mti hauwezi kukichukua, kwa sababu kadiri udongo unavyoacha uchachu na kuelekea hali ya chokaa, ndivyo chuma kinavyogeuka kuwa kama kutu isiyoyeyuka. Miti mingi ya chunguni huridhika na pH ya kati ya 5.5 na 6.5, na inapopita 7 dalili za ukosefu wa chuma huanza kuonekana, hasa kwa milimau, azalea na mimea mingine inayopenda uchachu. Maji yanayopita kwenye miamba ya chokaa, kama ile ya Songwe inayotumika kutengenezea saruji, hupandisha pH polepole, na utayatambua kwa ukoko mweupe ndani ya birika la chai na kwenye ukingo wa chungu. Kokoto nazo zichunguzwe kabla ya kuwekwa chunguni: dondoshea ndimu au siki, na zikitoa povu ujue zina chokaa. Majivu ya jikoni, ambayo wengi huyamwaga kwenye vyungu kwa nia njema, hufanya kazi ileile ya chokaa, na mti uliokuwa na manjano kidogo huzidi kuharibika.

Tiba ya hali hiyo haimo katika chupa ya chuma. Kinga maji ya mvua kutoka kwenye bati kuanzia Novemba hadi Aprili, yahifadhi kwenye pipa lenye mfuniko, na yatumie kwa miti inayopenda uchachu wakati wa kiangazi. Unaweza pia kubadilisha chanzo cha naitrojeni na kutumia SA, yaani salfeti ya amonia, ambayo hushusha pH kidogo kidogo, kwa kiasi cha nusu gramu kwa lita moja ya maji. Maganda ya msonobari kutoka viwanda vya mbao vya Mafinga, yakiozeshwa kwanza, yanafaa kuchanganywa na mawe ya volkano. Maranda mabichi yaepukwe, kwa kuwa vijidudu vinavyoyaozesha hunyang'anya mti naitrojeni.

Baada ya hapo ndipo usome majani. Manjano yakianza kwenye majani machanga huku mishipa ikibaki kijani, shuku chuma. Manganisi hufanana nayo, ila ukanda wa kijani kando ya mishipa huwa mpana zaidi. Manjano ya namna hiyo yakianza kwenye majani ya zamani, ni magnesiamu, na hapo chumvi ya haluli inayouzwa katika maduka ya dawa, gramu 5 kwa lita ya maji, hutosha kunyunyizia. Jani la zamani likiwa manjano lote pamoja na mishipa, mti una njaa ya naitrojeni. Upungufu wa zinki huleta majani madogo yaliyosongamana nchani, na wa boroni hufisha vichipukizi. Wakulima wa kahawa wa Mbozi na wa parachichi wa Rungwe na Njombe huzijua vyema hizi mbili za mwisho, na ndiyo maana mbolea za kunyunyizia zenye zinki na boroni hazikosekani madukani. Tahadhari ni kwamba jani dogo ndilo lengo la mwenye bonsai, hivyo usikimbilie zinki kwa sababu tu majani yamepungua ukubwa baada ya kupogoa.

Ukishuku chuma, jaribu kwanza kwenye tawi moja. Yeyusha gramu 5 za salfeti ya chuma katika lita moja ya maji, paka majani machache kwa brashi laini asubuhi au jioni, na uyatie alama. Yakirudisha kijani ndani ya wiki mbili wakati mengine yamebaki vilevile, umepata jibu. Kwa tiba ya mti mzima chagua chuma kilichofungwa kwa kemikali ya kukilinda, na usome lebo: aina ya EDTA hufaa penye uchachu, DTPA huvumilia hadi karibu pH 7, na EDDHA hufanya kazi hata penye chokaa.

Kwa mchanganyiko wa virutubisho vidogo vyote, tumia nusu ya kipimo cha lebo, mara moja kwa mwezi au kwa nafasi ndefu zaidi ya hapo, mti ukiwa unachipua na udongo ukiwa na unyevu. Kuzidisha ni hatari kuliko kupunguza, kwani kwa boroni umbali kati ya kinachotosha na kinachounguza kingo za majani ni mfupi, na shaba iliyozidi hudhuru mizizi. DAP ikizidi nayo huzuia mti kuchukua chuma na zinki. Kumbuka vilevile kwamba mankozebu, dawa ya ukungu inayopulizwa sana kwenye nyanya na viazi vya Nyanda za Juu Kusini, ina manganisi na zinki ndani yake, na dawa za ukungu za shaba zinajieleza kwa jina. Anayepuliza dawa hizo kwenye bonsai zake tayari ameongeza virutubisho vidogo bila kujua.

Juni na Julai usiongeze chochote. Baridi hupunguza kasi ya mizizi, na mti wa jamii ya mtini uliopata manjano katika wiki za baridi ya Njombe au Makete mara nyingi hurudi wenyewe joto linapopanda. Ikiwa ni msimu wa kuchipua, maji ni mazuri, mbolea ni kamili na manjano bado hayajaondoka baada ya miezi miwili, utoe mti chunguni na uitazame mizizi. Yenye afya ni migumu na ina ncha nyeupe, na ya msonobari huwa na utando mweupe wa kuvu unaousaidia kula, ambao usiuoshe. Ikiwa ni myeusi, laini na inanuka, kata iliyooza, panda upya kwenye mchanganyiko unaopitisha maji, na uache mbolea zote hadi machipukizi mapya yatokeze.