Fizi za mama zinatoka damu Newala, wewe uko Muscat

Mama alinionyesha kwenye video kipande cha muhogo wa kuchemsha alichokiuma. Kilikuwa na doa jekundu. "Huu mswaki mpya mgumu, mwanangu, hamna kitu." Jino lake la mbele chini nalo lilikuwa linacheza. Siku hiyohiyo nikatuma nauli ya Dar. Akasafiri, wakamng'oa jino kwenye kliniki moja, akarudi Newala na fizi zilezile.

Kosa langu nilipigia hesabu safari moja. Fizi hazitibiwi kwa kikao kimoja. Kwanza hukwanguliwa ukoga ulioganda, juu na chini ya ufizi, mara nyingi kwa vikao viwili au zaidi. Halafu husubiriwa miezi miwili mitatu, daktari apime tena kina cha vifuko kati ya jino na ufizi. Baada ya hapo ni kusafishwa kila miezi mitatu hadi sita. Sasa weka kilomita zaidi ya 550 kutoka Mtwara hadi Dar, na bado hujahesabu za kushuka kutoka Newala. Mzee gani atarudi mara ya nne?

Anzieni karibu. Kukwangua ukoga ni kazi ya daktari wa meno wa kawaida, si lazima bingwa. Mtwara mjini kuna hospitali ya mkoa, Ligula, na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mitengo. Lindi kuna hospitali ya Sokoine. Walio upande wa Masasi waulizie hospitali ya Ndanda. Piga simu wewe mwenyewe kabla mtu hajapanda gari alfajiri: mnakwangua ukoga au mnang'oa tu? Mashine inafanya kazi? Daktari yupo siku gani?

Dar, Muhimbili hasa, ibaki kwa jino linaloendelea kulegea baada ya kusafishwa, au usaha usiokoma. Hiyo safari ipange Juni hadi Agosti. Mei 2024 mafuriko yaliikata barabara ya Lindi na Dar, magari yakalala njiani. Na ikifika Oktoba, korosho zikianza kuanguka, hakuna mzee wa kusini atakayeacha shamba kwa ajili ya fizi. Usibishane naye, utashindwa.

Aende na maboksi ya dawa zake zote. Amlodipini na nifedipini, dawa za presha, huweza kuvimbisha fizi. Daktari ataamua kama zibadilishwe, yeye asiziache kwa kujiamulia. Sukari nayo ipimwe, maana ikiwa juu fizi haziponi vizuri.

Kama una likizo ya mwezi mmoja, usisubiri ufike ndipo muanze. Lipia ukwanguaji miezi miwili kabla. Mama alikwanguliwa Juni, mimi nikatua Agosti, tukaenda wote kupimwa. Daktari akamkabidhi kioo, akamwambia apige mswaki mbele yake. Kumbe miaka yote alikuwa anasugua meno ya mbele tu.