Land Cruiser, Defender au Patrol: jinsi ya kuchagua na kukagua gari la porini ukiwa Arusha

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumzungusha dereva mwenzangu gereji kwa gereji, kuanzia Unga Limited hadi Njiro, akitafuta gari lake la kwanza la kubebea wageni. Madalali walimletea Land Cruiser mkonga (ile ya mfululizo wa 70), Land Rover Defender 110 na Nissan Patrol, kila mmoja akiapa kwamba lake ndilo gumu kuliko yote. Nafuata mpangilio uleule tuliotumia sisi. Nachukulia kwamba kuendesha unajua na kwamba bajeti yako unaifahamu.

Hatua ya 1: Andika njia zako kwenye karatasi

Usiulize gari lipi ni bora kabla hujajua litapita wapi. Kutoka Arusha hadi Loduare, lango la kuingilia Ngorongoro, ni lami tupu, hata gari dogo linafika. Kazi inaanza ukishalipita lango. Ile vumbi na mikunjo ya barabara ya kuelekea Naabi, lango la Serengeti, inaua shokabu, busha na vishikizo vya redieta. Kreta ya Ngorongoro unashuka kwa barabara ya Seneto na kupanda kwa ya Lerai, ukuta wa mita kama 600, na pale unahitaji gia nzito itakayoshika gari bila kuchoma breki. Ndutu na Simanjiro zikinyesha ni udongo mweusi wa mbuga, unaonasa gari lolote lenye tairi mbaya. Njia ya Mto wa Mbu kwenda Engaruka hadi Engare Sero ni mawe ya volkano na makorongo.

Kwa wa Moshi: kama kazi yako ni kupeleka wapanda mlima lango la Machame na Marangu, barabara ni ya lami. Nunua Noah au Hiace, hela inayobaki jengea. Anayehitaji gari la porini ni yule wa lango la Londorosi na wa kupandisha wageni Shira kipindi cha mvua.

Hatua ya 2: Chagua injini kwanza, bodi baadaye

Land Cruiser ya 70 yenye injini ya 1HZ. Injini hii ilitoka mwaka 1990, ina lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na pampu yake ya dizeli haitegemei kompyuta. Ni nzito kupanda: ukiwa na wageni sita na mizigo, kwenye ukuta wa Manyara kutoka Mto wa Mbu utapitwa na kila mtu. Lakini itafika. Nyuma inakaa kwenye springi za majani zinazobeba mzigo mwaka hadi mwaka. Mbele, kuanzia toleo la 1999, waliweka springi za koili, na tofauti utaisikia mgongoni. Mkanda wa taimingi badilisha kila kilomita 100,000. Kama muuzaji hajui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Defender. Nasema kweli: kwenye mawe, Defender iliyotoka kiwandani inapanda vizuri kuliko Land Cruiser iliyotoka kiwandani. Ina koili pande zote nne, ekseli zinajikunja sana, na magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na difu ya katikati (boksi la meno linalogawa mzunguko kati ya mbele na nyuma) unaifunga kwa mkono. Bodi ni ya aluminiamu, haili kutu, ila chesisi ni chuma na inakula kutu vizuri tu. Shida ni injini gani umepata. 300Tdi, iliyofungwa kati ya 1994 na 1998, fundi yeyote anaielewa, mradi usiipe joto, maana hedi yake (sehemu ya juu inayofunika silinda) ni ya aluminiamu na inapinda. Td5 iliyofuata ni ya kompyuta. Oili hupenya kwenye waya za nozo na kutembea ndani ya waya hadi kwenye plagi ya kompyuta, gari linaanza kukosa nguvu bila sababu unayoiona. Defender ya zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016. Hii mpya iliyoanza 2019 ni gari jingine kabisa, haina hata chesisi ya kujitegemea, na bila mashine ya kupimia fundi anabaki kuitazama.

Patrol ya Y60 na Y61 yenye injini ya TD42 ni chuma. Taimingi yake inaendeshwa kwa meno, hakuna mkanda wa kukatika, na ekseli zake ni nene. Ila ukiletewa yenye injini ya lita 3.0, ile ZD30, usiiguse. Za mwanzo zina sifa ya kutoboa pistoni.

Prado ni gari zuri la familia. Mbele haina ekseli moja nzima, kila tairi linacheza peke yake, kwa hiyo ukiijaza mizigo na kuipeleka Serengeti kila wiki, busha na boljointi utazinunua mpaka uchoke.

Msimamo wangu: kwa biashara ya wageni, chukua 1HZ. Sisemi haiharibiki. Inaharibika. Lakini ukizima mbele ya Naabi na wageni ndani, dereva wa pili au wa tatu atakayesimama atakuwa na gari kama lako, spea unayoitaka nyuma ya kiti, na atakuwa ameshaifunga kwa mikono yake mwenyewe. Hata Karatu na Mto wa Mbu spea zake zipo. Kwa mtu binafsi anayependa pori na anayeshika spana mwenyewe, nampa Patrol ya TD42 au Defender ya 300Tdi bila wasiwasi wowote.

Hatua ya 3: Karatasi

Namba ya chesisi ilingane na kadi. Namba ya injini pia. Hakiki TRA kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia. Kama havilingani, ondoka.

Hatua ya 4: Lala chini ya gari

Magari mengi ya utalii hapa Arusha yamekatwa chesisi na kurefushwa ili viti viongezeke. Si kosa, ila kazi lazima iwe imefanywa vizuri. Tafuta pale ilipoungwa. Pawe na bamba la kuongezea nguvu limelala ndani au nje ya kiungo, na welding iwe imekwenda mfululizo. Ukiona rangi mpya nyeusi mahali pamoja tu wakati kwingine kuna vumbi la miaka, kwangua kwa bisibisi uone kuna nini chini yake. Gari lililorefushwa huwa na propela ya nyuma (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) yenye vipande viwili na senta beringi katikati. Ishike uitingishe, ikicheza, utaisikia ukifika spidi 60.

Kwa Defender, gonga chesisi ya nyuma kwa nyundo ndogo, hasa pale inapobeba bampa. Mlio mzito usio na mwangwi maana yake kutu imeshaila kwa ndani.

Hatua ya 5: Hakikisha fowili inafanya kazi kweli

Hapa ndipo nataka utumie muda, hata kama muuzaji ananuna. Kuna Land Cruiser ya mwenzetu iliyokuwa ikigoma kutoka kwenye fowili (magurudumu yote manne kuvuta) njia ya Engaruka. Levu imekaza, stelingi nzito, tairi zinalia. Mafundi walifungua transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma), wakabadilisha foki, wakaifunga, shida ikabaki palepale. Mchana wote ukaisha. Jioni ndipo tulipoinua gari na kuhesabu propela: difu ya mbele na ya nyuma hazikuwa na uwiano mmoja, yaani propela zilizunguka mara tofauti kwa mzunguko uleule wa tairi. Mtu aliwahi kuua difu ya nyuma, akafungiwa ya gari jingine, akaendesha kwa H2 (magurudumu ya nyuma tu yanavuta) miaka yote bila kujua. Siku anaingiza H4 (yote manne), mbele na nyuma vinavutana.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu, usiruke.

Anza kwa macho. Propela ya mbele ipo? Wapo wanaoifungua kwa sababu inapiga kelele, halafu wanauza gari hivyohivyo.

Kisha habu za mbele, vile vifungio vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na ekseli. Za kuzungusha kwa mkono zina alama ya FREE na LOCK. Zizungushe zote mbili kwa vidole. Zikigoma, zina matope au zimeua springi ndani. Weka LOCK, levu ya transfa iwe H2, inua tairi moja la mbele na kulizungusha. Propela ya mbele lazima izunguke. Rudisha FREE, zungusha tena, sasa propela itulie. Rudia upande wa pili. Kuinua natumia jeki ya chupa chini ya ekseli na stendi pembeni. Ile jeki ndefu ya kuning'inia kwenye bampa siipendi kwa kazi ya ukaguzi, inateleza, na wewe unakuwa umeingiza kichwa chini.

Sasa uwiano wa difu. Chukua chaki, piga mstari kwenye propela na mwingine kwenye tairi. Tairi moja liwe juu, mwenzake abaki chini. Zungusha tairi mara 20 huku mwenzako akihesabu propela. Kwa kuwa tairi la pili limesimama, propela inazunguka nusu ya uwiano kwa kila mzunguko wa tairi. Difu ya 4.11 itakupa mizunguko 41 hivi, ya 4.30 itakupa 43. Usifanye kwa mizunguko miwili kama wengine wanavyofanya: tofauti inakuwa sehemu ya tano tu ya mzunguko, na macho yatakudanganya. Mbele habu ziwe LOCK na transfa H2. Nyuma weka transfa nyutro, achia hendibreki, na weka mawe makubwa mbele na nyuma ya tairi za mbele. Hapo gari halina kitu kingine cha kulishika, kwa hiyo fanya sehemu tambarare tu.

Kama difu ya nyuma ni ya kujibana yenyewe, tairi moja halitazunguka kirahisi. Inua yote mawili, yazungushe pamoja mara 10, hesabu itatoka ileile. Hakikisha pia difuloki, kama gari linazo, zimefunguliwa.

Namba za mbele na nyuma zikilingana, nenda kwenye udongo laini. Si kwenye lami: kwenye lami hata gari zima la aina hii litakaza ukikata kona ndani ya H4, na utalihukumu bure. Tafuta shamba au barabara ya vumbi, ingiza H4, nenda moja kwa moja mita mia, simama, rudisha H2. Levu itoke kwa mkono mmoja. Ikigoma, rudi nyuma kidogo ujaribu tena. Ikiendelea kugoma na difu zinalingana, pima tairi. Tairi mpya mbele na kipara nyuma zinaleta shida hiyohiyo. Kisha ingiza L4 (yote manne kwa gia nzito) gari likiwa limesimama, panda mteremko kwa gia ya kwanza, ushuke nao bila kukanyaga breki. Gia isiruke.

Defender haina habu za kuzungusha, kwa hiyo mambo ni mafupi. Funga difu ya katikati kwenye udongo, taa ya dashibodi iwake, nenda mbele kidogo, fungua, taa izime. Mara nyingi levu imeshika kutu kwa kutotumika.

Mwisho wa hatua hii, angalia lile tufe la chuma nyuma ya kila tairi la mbele. Utando mwembamba wa grisi ni kawaida. Ukikuta grisi imelainika kama uji na inachuruzika kwenye rimu, sili ya ekseli imekwisha, oili ya difu imeingia kwenye beringi. Si sababu ya kuliacha gari. Ni sababu ya kushusha bei.

Hatua ya 6: Joto

Fika asubuhi, injini ikiwa ya baridi. Ukiikuta imeshapashwa, ahirisha hadi kesho. Fungua mfuniko wa redieta: maji yawe na rangi ya dawa ya redieta, yasiwe na mafuta juu. Washa, uone kama yanatoa mapovu mfululizo. Kisha panda nalo Monduli Juu bila kupumzika, mshale ukae palepale. Prado ya zamani yenye 1KZ iangalie hapa kuliko popote, hedi zake hupasuka zikipata moto mara moja tu.

Hatua ya 7: Ukishalinunua

Badilisha oili zote: injini, giaboksi, transfa, difu mbili. Tairi chukua nyembamba za 7.50R16. Zile pana zinapendeza kwenye picha, lakini kwenye tope la Ndutu nyembamba inakata hadi chini inapata pa kushika, na kila duka la tairi kuanzia Kilombero ya hapa Arusha hadi Karatu linayo. Beba mkanda wa feni, filta ya dizeli mbili, mpira wa redieta wa juu na wa chini, na jeki yenye ubao mpana wa kuwekea chini. Ukirudi kutoka safari ya kwanza ya vumbi, kabla hujaosha gari, kaza nati za yuboliti za springi, za propela na za vishikizo vya shokabu. Ukishaliosha huoni tena ni nati ipi ilikuwa inacheza, kwa sababu ile alama ya vumbi jekundu inayozunguka nati iliyolegea inaondoka na maji.