Kumuuguza Mgonjwa wa Kemo Nyumbani: Nunua Themomita Kwanza

Kabla hujanunua asali na maziwa ya kopo, nunua themomita. Maduka ya dawa pale Mwembe Tayari wanazo. Nimemuuguza mdogo wangu mwenye saratani ya matiti nyumbani kwetu Majengo, Mombasa, na katika vyote tulivyoweka kando ya kitanda chake, hicho ndicho nisichokubali mtu akikose.

Kemo, yaani dawa kali za saratani, huua seli zinazogawanyika upesi. Za saratani ndizo hizo, lakini zimo pia za mizizi ya nywele, za utando wa mdomo na matumbo, na za uboho zinazotengeneza damu. Kwa dawa nyingi, seli nyeupe za damu, zile za kupambana na maambukizi, huwa chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizo maambukizi madogo yaweza kuingia damuni yakamuua mtu kwa muda mfupi, na pengine dalili yake ni homa peke yake. Ikifika nyuzi 38 za Selsiasi, hata kama ni usiku wa manane, mpeleke hospitali na useme tangu mlangoni: "Huyu yuko kwenye kemo, na ana homa." Asiwekwe foleni. Anahitaji kupimwa damu na kutiwa antibiotiki za mshipani haraka.

Hapa Mombasa kuna mambo mawili ya kutuponza. Joto la kaskazi humtoa kila mtu jasho, kwa hivyo kumgusa kipaji cha uso kwa kiganja hakukwambii kitu. Halafu sisi watu wa pwani tukisikia homa tunasema malaria, tunameza Panadol na kulala. Panadol itashusha homa na maambukizi yaendelee chini kwa chini. Pima kwanza, wapigie hospitali, na malaria watampima hukohuko. Mkaazi wa Likoni ajue mapema gari ni la nani na, feri ikichelewa, hospitali gani iko upande wake. Jina la dawa, tarehe ya dozi na simu ya wodi viandikwe karatasini, vibandikwe kwenye friji. Kwetu homa ilipanda mimi sipo. Mpwa wangu, mtoto wa shule, ndiye aliyeisoma ile karatasi na kupiga simu.

Kichefuchefu huzuiwa kabla hakijaja. Ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, mpe kwa saa alizoandikiwa, hata akikwambia leo yu mzima. Inafunga choo, basi papai na maji visikose. Chakula cha moto kina harufu kali, kwa hivyo kipoe kidogo: viazi vya kuchemsha, wali mweupe, uji wa mchele, kipande cha mkate wa mofa kabla hajainuka kitandani. Samaki wa kukaanga tulimhamishia kwa jirani, akatukaangia yeye. Mpe kidogo kila baada ya saa mbili badala ya sahani iliyojaa. Na siku ya dozi usimpikie kile akipendacho zaidi. Mdogo wangu anapenda biriani, na sikumpikia siku hizo, kwa sababu mtu akitapika chakula, mwili hukichukia muda mrefu, hata kama kosa si la chakula.

Vidonda vya mdomo: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya soda. Asukutue mara kwa mara, asimeze. Ukwaju, ndimu, achari na pilipili ziwekwe mbali. Mswaki wa mti nao upumzike, atumie brashi laini, maana chembe sahani, zile za kugandisha damu, zikishuka ufizi hutoka damu kwa urahisi. Juisi za barabarani zenye barafu, la. Dafu likatwe mbele yenu, linywewe papo hapo.

Akipewa doksorubisini, dawa moja ya kemo, mkojo wa mwanzo hutoka mwekundu; ni rangi ya dawa. Ganzi ya vidole akipewa paklitakseli, dawa nyingine ya kemo, mwambieni daktari kabla ya dozi inayofuata, kwani anaweza kuipunguza. Habasoda, majani ya mstafeli na balungi tulimwonyesha mfamasia kwanza. Vingine hubadilisha jinsi ini linavyovunja dawa, na shangazi aliyevileta alielezwa kwa adabu, akaelewa.

Sasa hizi tiba mpya ambazo kila mtu anatuma kwenye simu. Trastuzumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, hushika protini iitwayo HER2 iliyo juu ya seli. Uvimbe usiokuwa na HER2 nyingi haupati faida yake, kwa hivyo ombeni nakala ya ripoti ya maabara na muulize neno hilo kwa jina. Inaweza kudhoofisha moyo, ndiyo maana moyo hupimwa kabla na wakati wa matibabu. Tiba ya seli za kinga zinazobadilishwa maabara, iitwayo CAR-T, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017, nayo ni ya saratani za damu. Anayekuuzia kwa ajili ya titi, usiuze shamba kwa ajili yake.

Tiba inayoachilia breki za kinga ya mwili, kama dawa ya pembrolizumabu, imetokana na kazi ya wanasayansi James Allison na Tasuku Honjo, waliopewa Nobel mwaka 2018. Madhara yake si ya kemo. Kinga iliyoachiliwa huweza kushambulia utumbo, mapafu au tezi ya shingo (thairoidi). Kuharisha kwake usikutibu kwa dawa ya dukani, na kikohozi kipya usikipuuze: mara nyingi huhitaji steroidi, dawa za kutuliza kinga, tena mapema. Yaweza kuzuka miezi kadhaa baada ya dozi ya mwisho, kwa hivyo hata mgonjwa akienda kwa daktari wa macho au wa meno, ataje kwamba aliwahi kuchomwa dawa hiyo.