Mwanao akitaka kusomea maigizo ya muziki Marekani

Wazazi wenzangu, anzeni na video. Vyuo vingi vya huko huchuja waombaji kwa video kabla ya kuwaita kwenye usaili, na mara nyingi mwisho wa kutuma huangukia Novemba au Desemba, mvua zikianza hapa Iringa. Sisi wa Kihesa tulirekodi alasiri. Mvua ikapiga bati, sauti ya binti yangu ikamezwa yote. Rekodini asubuhi, mbele ya ukuta usio na picha wala kalenda, simu imelazwa kiubavu ili picha iwe pana, mwanga wa dirisha ukimpiga usoni.

Kwa kawaida huombwa vipande viwili vya kuigiza vinavyotofautiana na nyimbo mbili zilizokatwa fupi. Msimchagulie. Mimi nilimpa cha kilio, akakisema kama anasoma tangazo. Alipochukua chake, cha dada anayegombana na kaka yake, uso ukafunguka.

Usaili wa mtandaoni: saa nne asubuhi ya New York, majira yao ya baridi, ni saa kumi na mbili jioni kwetu. Bando liwepo.

Na ada iulizwe mapema sana. Idara ya sanaa inaweza kumkubali, chuo chenyewe kikamkataa kwa alama, na ufadhili ni ombi lingine kabisa.